Utu Haupimwi kwa Futikamba

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo fupi limebeba falsafa nzima ya ngoma zetu. Mchezaji yuko kwao. Wamtazamao ni wazazi, ndugu na majirani. Naye ajongeaye uwanjani kumtunza humheshimu mbele ya watu wote, wala hamnunui. Baina ya mkono utoao na mkono upokeao hapana askari wala kipimo. Pana haya, na pana heshima.

Twalikumbusha neno hili kwa sababu wako miongoni mwetu wadhanio kwamba kila ila ya starehe za mijini yaweza kutibiwa kwa sheria zilizoagizwa ng'ambo. Basi na tuzitazame sheria hizo.

Nchini Marekani ziko nyumba za starehe ambamo wanawake hucheza huku wakivua nguo mbele ya wanaume waliolipa. Serikali za mitaa zimeziwekea nyumba hizo sheria za umbali. Wilaya ya Kitsap, katika jimbo la Washington, iliamuru mchezaji akae futi 10 mbali na mteja, juu ya jukwaa lililoinuka futi 2, tena asipewe bakshishi. Na mwaka 1986 mahakama ya rufani ikazikubali amri hizo. Houston, mwaka 1997, ikatosheka na futi 3. Tampa, mwaka 1999, ikataka futi 6. Baraza la Seattle likapitisha futi 4 mwaka 2005, na mwaka uliofuata wapiga kura wakaikataa sheria hiyo.

Twauliza: ikiwa umbali ndio kipimo cha maadili, je, maadili ya Houston ni ya futi 3 na ya Kitsap ni ya futi 10? Na anayesimama futi 11 huku macho yake yakimla binadamu mwenzake kama bidhaa, huyo ni muungwana?

Watetezi wa sheria hizo husema kwamba umbali huzuia ukahaba na biashara ya madawa ya kulevya isipangwe kwa kunong'onezana. Hoja hiyo hatuipuuzi. Mchezaji naye ana haki ya kukingwa na mikono ya wakorofi. Lakini sheria hiyo yamtazama nani? Yamtazama mchezaji na mteja, na kumwacha mwenye nyumba akihesabu fedha zake. Katika nyingi ya nyumba hizo mchezaji hapewi mshahara. Yeye ndiye humlipa mwenye nyumba ada ya kupanda jukwaani, kisha hutegemea bakshishi. Ukimwondolea bakshishi bila kumpatia ujira, na ada ikabaki pale pale, umemlinda nani? Umemtwisha deni. Futikamba imefika miguuni pake, haikufika kwenye daftari la tajiri. Unyonyaji umebaki salama, ila sasa una vipimo.

Jimbo lile lile la Washington, mwaka 2024, miaka 38 baada ya hukumu ya Kitsap, lilitunga sheria ya namna nyingine. Liliwekea kikomo ada wanazotozwa wachezaji, likaamuru wawepo walinzi, na vitufe vya kuitia msaada wakati wa hatari. Hatusemi kwamba kwa hayo nyumba hizo zimekuwa njema. Twasema kwamba hapo ndipo sheria ilipoanza kumwona mchezaji kuwa ni mtu afanyaye kazi.

Wala nasi tusijifanye watakatifu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni. Lakini wasichana walifedheheshwa hadharani na makundi ya vijana waliojiona kuwa walinzi wa heshima. Tulipima nguo, tukasahau aliyezivaa.

Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 alitufunza kwamba utamaduni ni roho ya taifa. Roho haina urefu wala upana. Kwa hiyo twawaambia madiwani wetu: siku mtakapoketi kuandika sheria ndogo juu ya wasichana wanaocheza katika mabaa yetu, msianze na futi. Anzeni na mwenye baa. Aulizwe: binti huyu ana umri gani? Mkataba wake uko wapi? Mshahara wake ni kiasi gani? Akikataa kucheza atakavyo mlevi, kesho atakuwa na kazi? Mwenye baa asiyeweza kujibu maswali hayo na anyang'anywe leseni.

Kisha warudisheni vijana uwanjani, wafundishwe ngoma na wanaozijua, na wenye kucheza vyema watunzwe kwa heshima mbele ya wazee wao. Atakayekuwa kwao hatahitaji kuchorewa mstari sakafuni.