Kabla ya kugawa kipandikizi, chukua glasi ya maji

Wapenzi wa maua wa Nairobi, nina ombi. Nyinyi mnaopanga miche kandokando ya barabara ya Ngong na Waiyaki Way, nyinyi wenye vyungu kwenye roshani za Kilimani na Kileleshwa, nanyi wa Kawangware mliopanda jerenia mlangoni ndani ya mikebe ya rangi: kuna ugonjwa mmoja ambao sote tunapaswa kuujua kwa sura.

Jerenia hulegea saa sita mchana. Jioni huinuka, nasi tukasema ni kiu tu. Siku chache baadaye haiinuki tena, hata udongo ukiwa majimaji. Jani hugeuka njano kuanzia ukingoni, mara nyingi kwa umbo la V. Hapo wengi hukimbilia agroveti kununua dawa ya ukungu. Nami nilifanya hivyo. Nikanyunyiza wiki mbili nzima, mmea ukafa na wenzake wawili wa kando. Huu ni mnyauko wa bakteria, na dawa ya ukungu haiuponyi.

Ili kuutambua, fanya hivi. Kata shina karibu na udongo kwa kisu safi. Chovya ncha iliyokatwa katika glasi ya maji maangavu, ulishike shina wima bila kulitikisa, na utazame ukielekea kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye kidonda, hao ni bakteria wanaotoka mishipani, walikokuwa wameziba njia ya maji. Usipoziona, usiutangaze mmea kuwa mzima bado. Wakati wa baridi, kama Julai yetu, jerenia inaweza kuwabeba bila dalili yoyote, kisha ikaanguka joto likirudi.

Mbona nishupalie ua? Kwa sababu bakteria huyu, Ralstonia solanacearum, ana aina inayoshambulia jerenia, waru na nyanya kwa pamoja. Mwaka 2003 aina hiyo iligunduliwa Marekani katika jerenia zilizotokana na vipandikizi vya kutoka Kenya; mabanda yakawekwa karantini na mimea ikateketezwa kwa wingi. Hapa kwetu, maji yanayochuruzika kutoka kwenye chungu chako huingia mtaroni, mtaro huingia kijitoni, na huko chini yuko mama anayechota maji hayohayo kumwagilia nyanya zake.

Bakteria wengine nao wana alama zao. Waridi lenye uvimbe mgumu, wenye mikunjo, pale shina linapokutana na udongo. Yungiyungi linalooza shinani na kutoa uvundo. Jani lenye madoa yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa, ambalo ukiliinua juani huonekana kama karatasi iliyofungiwa mandazi.

Basi ndugu zangu, mmea ulionyauka hivyo tusikate vipandikizi vyake kumpa jirani, hata akisihi. Tung'oe pamoja na mizizi na udongo wake, tuchome. Tusitupe kwenye mboji wala mtoni. Mkasi upanguswe kwa spiriti kila unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Wenye vitalu, najua mche usiouzwa ni karo ya mtoto iliyopotea, lakini nawasihi msiupunguzie bei ili uondoke. Nasi wanunuzi, muuzaji akitukatalia mche kwa kuwa anaushuku, huyo ndiye wa kumrudia wiki ijayo, na tumlipe bila kuvutana sana.

Ukiwa na shaka, wataalamu hawako mbali: KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wana maabara Kabete, na makao makuu ya KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, yako Karen. Wapelekee mmea ulioanza kuugua, si uliokwisha kukauka, pamoja na mizizi. Ufunge kwa gazeti kavu kisha uutie mfukoni, na uupeleke mapema wiki inapoanza, usije ukaozea kaunta Jumamosi na Jumapili.