Waacheni Wapigwe na Baridi, Wanajua Wanachofanya!

Haya jamani, leo siandiki kuhusu programu wala tarakilishi mpya. Leo nataka kugombana na watu.

Kila Januari inapoelekea kwisha, picha zilezile huzunguka mtandaoni: wazee kwa vijana huko Marekani na Kanada, makoti mazito hadi masikioni, wamejibana ndani ya hema lililozungukwa na theluji. Mbele yao kuna redio, betri na themosi ya kahawa. Hao ni wanaredio wa ridhaa, na shughuli yenyewe inaitwa Winter Field Day. Na kila mwaka wajuaji wa fani yetu huuliza swali lilelile: "Kwani hawa hawana simu?" Kisha wanacheka sana. Mimi nasema wa kuchekwa ni sisi.

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi wanacheka wasichokijua. Ni wikendi nzima ya mwisho ya Januari. Unafunga antena, unawasha redio, unaita vituo vingine vingi uwezavyo. Mkisikilizana mnapeana alama ya wito, idadi ya transmita zenu pamoja na herufi ya kundi (O ni walio nje, I walio ndani ya jengo, H walio nyumbani), na eneo mlilopo. Mazungumzo ya sauti yanakupa pointi 1, ya Morse au ya kidijitali pointi 2. Na masharti yanawazawadia wanaoachana na stima ya kampuni.

Sasa wapo hata wanaredio wenyewe wanaonung'unika kwamba shughuli hii ingefaa kufanyika hali ya hewa ikiwa nzuri. Ndugu zangu, hiyo ya hali nzuri ipo! Chama cha ARRL kimeandaa Field Day yake kila Juni tangu 1933, isipokuwa miaka ya vita. Kimbunga, tufani ya barafu na tetemeko havisubiri Juni. Ukiondoa baridi kwenye Winter Field Day umeondoa mtihani, umebaki na pikiniki.

Maana baridi inafichua mambo ambayo mezani hutayaona. Betri ya asidi kwenye nyuzi 0 hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na ikizidi baridi inazidi kushuka. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 itakupa umeme kwenye baridi, lakini ukiichaji chini ya nyuzi 0 unaiharibu kabisa, kwa hivyo ile paneli ya sola uliyojivunia haikusaidii kitu asubuhi yenye barafu. Kebo ya antena inakakamaa kama fito. Vigingi haviingii ardhini kwa sababu ardhi imeganda. Vidole vinakataa kubonyeza ufunguo wa Morse, na ukivaa glavu ndiyo kabisa. Na anayedhani ataingiza jiko la mafuta ndani ya hema alifunge vizuri apate joto, huyo anatafuta kufa kwa moshi usioonekana.

Halafu kuna hesabu. Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 inapotuma na kama ampea 1 inaposikiliza. Ukituma kwa nguvu zote theluthi moja ya muda, wastani ni ampea 7 na kitu. Betri ya ampea-saa 100, ikiwa mpya na yenye joto, itakufikisha saa 13 au 14 hivi. Usiku bado haujaisha! Hapo ndipo unajifunza kupunguza nguvu, kuhamia Morse, kuchagua masafa ya mita 80 usiku yanapofungua njia. Hakuna semina ya hotelini itakayokufundisha hivyo.

"Lakini mbona pointi? Mbona washindane?" Kwa sababu bila pointi hakuna binadamu atakayeamka saa tisa usiku kuita vituo mia kadhaa kwa ajili ya mazoezi tu. Sisi watu wa programu tunalijua jambo hili: mfumo ukiwa na mtumiaji mmoja kila kitu kinafanya kazi. Lete watumiaji elfu ndiyo uone. Mashindano ndiyo mzigo wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja (jina nakaa nalo) iliyokuwa na jenereta nzuri ajabu, ina hadi kibandiko cha fundi. Kila Ijumaa iliwashwa dakika 5, wakubwa wanasikia ngurumo, wanaridhika. Haikuwahi kubebeshwa seva hata siku moja. Stima ilipopotea kikwelikweli, jenereta iliwaka vizuri kabisa, ila swichi ya kuhamisha umeme haikuhama. Tukakaa gizani tukisikiliza ngurumo.

Msidhani ni hao tu. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza kwa sababu jenereta mojawapo ilikataa kuwaka. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukaanza kutambaa. Ni ofisi ngapi zilikuwa zimewahi kujaribu, kwa makusudi, kufanya kazi siku moja bila mtandao wa nje? Tuna nakala za akiba ambazo hakuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha. Hizo si akiba, ni uvumi.

Najua mtaniambia: siku hizi kuna Starlink, na simu nyingine zinafika setilaiti zenyewe. Ni kweli, na vimesaidia watu. Redio ya ridhaa haitabeba M-Pesa ya Wakenya, wala sijasema itabeba. Lakini Starlink nayo inataka stima, na mwenye mtambo ni kampuni moja. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba wanaredio wa ridhaa, na zaidi ya 20 wakaenda. Kimbunga Helene kilipofagia milima ya North Carolina Septemba 2024, simu zikanyamaza, watu wakaitana kupitia kituo cha kurudisha mawimbi kilicho Mlima Mitchell. Hao hawakujifunza redio siku hiyo.

Kwa hivyo sitaki tuige theluji, hatuna. Lakini Limuru mwezi wa Julai tunaijua. Chukua timu yako, zima stima ya kampuni, chomoa mtandao, fanyeni kazi kuanzia Jumamosi hadi Jumapili kwa mlichonacho. Andikeni kila kilichokufa. Hesabuni pointi mkitaka! Na mwenye hamu ya redio yenyewe aombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano apate alama yake ya 5Z4.

Ukishafanya hivyo mara moja, njoo uwacheke wale wa hemani. Nina hakika hutacheka.