Kinga bandia za virusi ni hatari kwa wanaotegemea saiba

MKAZI wa Muhuru, Sindo au kisiwa cha Mfangano anayetaka kulipia leseni, kuwasilisha ripoti ya ushuru au kumwombea mwanawe mkopo wa masomo haendi kwanza katika afisi ya serikali. Huenda saiba. Humo humkabidhi mhudumu nambari ya kitambulisho, nywila ya eCitizen na mara nyingi rununu yenyewe, ili msimbo utakaotumwa usomwe upesi kabla ya muda wake kwisha. Vituo vya Huduma viko katika miji ya Migori na Homa Bay, lakini nauli ya kufika huko ni mzigo kwa wengi. Tangu Juni 30, 2023, serikali ilipozindua zaidi ya huduma 5,000 kupitia eCitizen, tarakilishi za saiba, nyingi zikiwa kuukuu, zimegeuka kuwa masjala ya umma pasipo yeyote kuziidhinisha kwa kazi hiyo.

Hiyo ndiyo sababu ulaghai wa programu bandia za kukinga virusi, ambao wengi wanaudhania kuwa kero ya miaka iliyopita, unastahili kutazamwa upya katika kaunti hizi mbili. Anayedanganywa ni mhudumu mmoja, ila stakabadhi zinazoingia hatarini ni za kijiji kizima.

Ujanja wenyewe ni wa kale. Dirisha jekundu hujitokeza ghafla kwenye skrini, likiwa na nembo inayofanana na ya Microsoft au ya kampuni maarufu ya kukinga virusi. Mstari hukimbia kuashiria kwamba tarakilishi inakaguliwa, na sekunde chache baadaye hutangazwa kwamba virusi makumi kadhaa vimepatikana. Kwa hakika hakuna kilichokaguliwa. Mstari ule ni picha tu, na orodha ya virusi iliandikwa kabla mwenye tarakilishi hajaiwasha. Anayetaka kuokolewa huambiwa alipe, apakue programu, au apige nambari fulani ya simu bila kukawia.

Mnamo Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing, iliyosajiliwa Belize na kuwa na afisi mjini Kiev, kwa kueneza programu kama WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Kwa mujibu wa tume hiyo, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamezinunua, kwa dola 39.95 au zaidi, yaani takriban Sh3,000 wakati huo. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho iliyoko Maryland iliamuru mshtakiwa wa mwisho alipe zaidi ya dola milioni 163.

Katika miaka hiyo Migori na Homa Bay zilikuwa na kinga ya aina yake, ambayo ni uhaba wa kadi za benki. Mwathiriwa wa Rongo au Oyugis hakuweza kumlipa mlaghai wa Kiev hata kama angetaka. Hasara yake iliishia kwenye mashine iliyokwama na siku mbili tatu za kumsubiri fundi.

Kinga hiyo imeondoka. Juni 2022 Safaricom na Visa zilizindua kadi ya mtandaoni inayomwezesha mwenye M-Pesa kulipia bidhaa ughaibuni moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Ni huduma yenye manufaa, na hapa hailaumiwi. Hata hivyo, imeziba pengo lililokuwa kati ya mkoba wa mvuvi wa Mbita na duka lolote la mtandaoni, liwe la haki au la wizi. Isitoshe, walaghai wenyewe wamebadilika. Wengi hawahangaiki tena na zile dola 40. Wanachotaka ni nywila na misimbo.

Aprili 2022 kampuni ya Check Point ilifichua programu sita zilizojidai kukinga virusi ndani ya duka rasmi la Google Play. Zilikuwa zimepakuliwa takriban mara 15,000, na kazi yake halisi ilikuwa kupenyeza SharkBot, programu inayoiba nywila za benki. Ukilinganisha, ile iliyoitwa Virus Shield, iliyouzwa katika duka hilo hilo kwa dola 3.99 mwaka 2014, ilikuwa na staha fulani. Ilichofanya ni kugeuza alama ya mkasi kuwa alama ya vyema kwenye skrini, basi. Zaidi ya watu 10,000 waliipakua kabla haijaondolewa, na angalau haikuwaibia zaidi ya bei yake.

Je, mhudumu wa saiba atazitambuaje? Ushauri wa kuchunguza makosa ya tahajia umepitwa na wakati, kwani matapeli wa leo huandika Kiingereza fasaha kuliko barua nyingi za afisi zetu. Njia ya kuaminika zaidi ni kulijua jina la kinga iliyomo kwenye tarakilishi yako. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kila tarakilishi ya Windows huja na kinga ya Microsoft iitwayo Defender, isiyodai malipo. Onyo likija kwa jina jingine ambalo wewe hukuliweka, huyo ni mgeni asiyealikwa. Onyo likijitokeza ndani ya kivinjari, pale unapofungulia tovuti, pia ni la uongo, kwa kuwa tovuti haina uwezo wa kukagua diski ya tarakilishi yako. Tena Microsoft haiweki nambari ya simu kwenye maonyo yake.

Kuliondoa dirisha hilo kunahitaji utulivu. Usibonyeze chochote ndani yake, hata ile alama ya kufunga iliyo pembeni, kwa maana nayo huenda imechorwa ili kukunasa. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uchague kivinjari katika orodha itakayotokea, kisha ukizime. Ukikifungua tena, kikatae kinapotaka kurejesha kurasa za awali. Ikiwa maonyo yanaendelea kuchomoza pembeni mwa skrini, yamkini mtu alikubali tovuti fulani imtumie arifa. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari na uifute idhini hiyo. Mara nyingi tatizo huishia hapo, na fundi hana haja ya kuitwa.

Hali ni tofauti endapo programu imekwisha kupakuliwa na kufunguliwa. Kwanza ondoa intaneti. Iondoe programu hiyo kupitia orodha ya programu zilizowekwa, kisha uiamuru Defender ifanye ukaguzi wa nje ya mtandao. Tarakilishi itajizima na kuwaka upya, na shughuli hiyo huchukua takriban dakika 15. Ikishindikana, nakili stakabadhi muhimu na uisakinishe Windows upya. Nywila zote zilizopita katika mashine hiyo zibadilishwe kwa kutumia mashine nyingine. Hapa ndipo penye ugumu wa saiba, kwani mhudumu atalazimika kuwatafuta wateja wake na kuwaeleza yaliyotokea. Wangapi watathubutu, ilhali mshindani yuko mlango wa pili?

Kwenye rununu, izime na uiwashe katika hali salama, uinyime programu hiyo idhini za usimamizi na za ufikivu ilizojitwalia, kisha uifute. Aliyetoa PIN ya M-Pesa aibadilishe papo hapo na apige 100. Ujumbe wa kilaghai unaweza kutumwa kwa 333 bila malipo.

Ipo pia hatari inayoletwa na mafundi wetu wenyewe. Kinga halisi iliyovunjwa kufuli na kunakiliwa kwenye flashi ili iuzwe kwa bei ya chini haina tofauti kubwa na bandia. Aliyeivunja alipata nafasi ya kutia ndani yake chochote alichotaka, na mara nyingi humwagiza mteja azime Defender kwanza. Anayekubali agizo hilo amemfukuza askari ili amwajiri mtu asiyemjua. Hata kinga zinazopatikana kihalali hutofautiana mno: mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilijaribu programu 250 za Android, na ni 80 pekee zilizonasa zaidi ya asilimia 30 ya virusi vya majaribio.

Wakati wenyewe unawafaa walaghai. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha marekebisho ya kawaida ya usalama yaliyotolewa bila malipo kwa Windows 10, na tarakilishi nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Mhudumu anayesikia kwamba mashine yake haina ulinzi tena yuko tayari kuliamini dirisha lolote jekundu.

Lakini si haki mzigo huu wote utwikwe mhudumu. Serikali ndiyo iliyowahamishia wananchi mtandaoni. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 ina adhabu kali kwa ulaghai wa tarakilishi, ila haimfikii kwa urahisi mtu aliye Kiev au kwingineko. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kupitia kanuni zake, iliwaondolea sharti la kusajiliwa wafanyabiashara wengi wenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na waajiriwa wasiofika 10. Saiba nyingi zimo katika kundi hilo. Wajibu wa kulinda data ungalipo, ila kwa kukosa kusajiliwa, hakuna anayejua ziko wapi wala anayezitembelea.

Marekani iliufuata ulaghai huu kama udanganyifu wa kibiashara, na njia hiyo imezaa matunda. Machi 2024 kampuni za Restoro na Reimage za Cyprus, zilizodaiwa kuwatisha watu kwa maonyo ya uongo, zilikubali kulipa dola milioni 26, na mwaka uliofuata FTC ikaanza kuwarejeshea pesa zaidi ya watu 700,000. Kenya nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inayoharamisha maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na mamlaka ya kuitekeleza ipo.

Serikali ya Kitaifa iliahidi kituo cha dijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 nchini, na 80 kati ya hizo ziko Migori na Homa Bay. Popote kituo kitakapofunguliwa, wahudumu wa saiba za wadi hiyo wapewe mafunzo ya siku moja kabla ya vijana wa kozi ndefu, na maelezo ya kuondoa dirisha jekundu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, Dholuo na Kikuria.