Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kila aonekanapo tajiri wa nchi za nje mwenye mtaji mkononi, methali hii hutajwa kwa sauti kubwa. Lakini watajao huisifu nusu ya kwanza wakaisahau ya pili. Mimi nasema kuwa uzito wote umo katika nusu iliyosahauliwa. Mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Tuanze na Kitui ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka Mombasa. Kivui Mwenda wa Kitui alivuma kwa biashara hiyo, hata mmisionari Ludwig Krapf akamzuru mwaka 1849. Pembe zilivuka bahari, na huko Ulaya na Marekani zikachongwa kuwa vibonyezo vya piano. Huku zilirudi nguo, shanga na nyaya za shaba. Wafanyabiashara wetu walikuwa hodari, wala hakuna awezaye kuwaita wavivu. Hata hivyo, nguo zilichakaa, shanga zikakatika nyuzi, na ufundi wa kuigeuza pembe kuwa kitu cha thamani kubwa zaidi ukabaki ng'ambo.

Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu wa uchumi, Hans Singer, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1910 na kuhamia Uingereza. Mwaka 1950 aliandika juu ya mgawanyo wa faida baina ya nchi itoayo mtaji na nchi iupokeayo. Alionyesha kuwa mgodi au shamba kubwa la mgeni laweza kusimama juu ya ardhi ya maskini, na huku kwa kweli likawa tawi la uchumi wa tajiri. Mashine hutoka kwake, faida hurudi kwake, na ujuzi mpya huchipuka kwake. Tena, kwa muda mrefu, bei ya mali ghafi huelekea kubaki nyuma ya bei ya vitu vya viwandani. Raúl Prebisch wa Argentina alifikia fikira kama hiyo katika miaka hiyohiyo. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya bei, na ubishi huo ni halali. Lakini swali la nani hubaki na faida halijafutwa na ubishi wowote. Singer mwenyewe alikuja Kenya mwaka 1972, akiongoza pamoja na Richard Jolly ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, na taarifa yao iliheshimu kazi za mafundi wadogo ambao wakubwa wengi waliwadharau.

Sasa tutazame bonde la Mui, Kitui, ambako makaa ya mawe yamelala chini ya mashamba ya watu. Desemba 2013 serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Fenxi ya China juu ya sehemu mbili za bonde hilo. Miaka 10 ikapita pasipo makaa kuchimbwa kwa biashara. Mkulima wa huko afanye nini? Apande mwembe ambao huenda ukang'olewa kabla haujazaa? Ahadi nayo ina gharama, na mwenye kuilipa ni yule asiye na mtaji.

Watatujibu, "Mwenye njaa hachagui." Neno hili ni la hatari! Tajiri akikosea leo, atajaribu tena kesho. Maskini akiiuza ardhi yake kwa hasara, hana ya pili. Basi apaswaye kuchagua kwa uangalifu zaidi ni yeye.

Tena hatukosi mfano. Huko Makueni maembe huiva kwa wingi kwa wakati mmoja, na madalali huyanunua chini ya mwembe kwa bei waitakayo. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na safari hizo hazikuanza tena mpaka 2021. Mwenye kutegemea soko la tunda bichi peke yake alikuwa na kilio. Lakini serikali ya kaunti ilijenga kiwanda Kalamba, ambako maembe husagwa kuwa rojo linalokaa bila kuoza. Kiwanda kimoja hakimalizi shida zote za mkulima. Lakini kazi na ujuzi wake hubaki nyumbani.

Sisemi tumfungie mgeni mlango. Nasema tumwulize mlangoni: Utawafundisha kazi gani vijana wetu? Utanunua nini kwetu? Ukiondoka, utaacha nini zaidi ya shimo? Mgeni mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Enyi wanafunzi, kesho mapatano kama hayo yatawekwa mbele yenu mtie sahihi. Jifunzeni hesabu na sheria mpate kuyasoma mpaka mstari wa mwisho, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.