Jipimie Mlima Wako

Mjini Embu, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, upo mtaa wa watu wa kipato kidogo uitwao Dallas. Jina ni lile lile la mji mkubwa wa Texas huko Marekani, lakini maisha ni ya Embu: leo kibarua kipo, kesho hakipo, na kodi ya chumba haingoji.

Kijana wa mtaa kama huo ukimwuliza ana azma gani, aghalabu atakutajia nyumba ya ghorofa, gari na safari ya Ulaya. Na kijana wetu wa Kisauni au Tanga atakujibu hivyo hivyo, ila badala ya Ulaya huenda akataja Dubai. Kutamani si dhambi. Taabu ni kwamba baina ya tamaa na miguu yake hakuweka ngazi. Mwaka ukipita bila ya ghorofa hujiona ameshindwa, na mtu aliyekwisha kujiona ameshindwa ni windo jepesi la kamari ya kwenye simu, la mkopo wa riba, na la wakala mwongo wa safari.

Mlima unaoonekana kutoka Embu, asubuhi anga likiwa safi, una somo kwa jambo hili. Vilele vyake vikuu ni vitatu: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Viwili vya kwanza havifikiwi ila kwa kamba na ujuzi wa kukwea majabali. Mwingereza Halford Mackinder na wenziwe wawili walifika Batian mwaka 1899, na ikapita miaka 30 kabla ya kufika wengine. Lenana hupandwa kwa miguu na mtu mwenye afya, subira na kiongozi mwema.

Mwaka 1943 Waitaliano watatu, mateka wa vita huko Nanyuki, walitoroka kambini ili wapande mlima huo. Mmoja akaugua njiani. Wawili waliobaki, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, walikusudia Batian, lakini dhoruba iliwarudisha. Hawakulia wala hawakujitupa majabalini. Waligeukia Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini wenyewe, wazima. Wahenga walikwisha sema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Na Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, ni Lenana hapo hapo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya taifa jipya. Nani atathubutu kusema kuwa bendera ile ilipungukiwa na heshima kwa sababu ya mita 214?

Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni hatuna udhuru wa kutolijua hili. Mwalimu hakumpa mtoto suratul Bakara siku ya kwanza. Alimwanzisha kwa alifu, akamfunza kuunganisha herufi, akamtia katika Alhamdu na sura fupi za juzuu ya Amma, ndipo akampandisha. Kurani yenyewe iliteremka kwa muda wa miaka 23. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache.

Tuchukue mathalan mama anayeuza mboga pale Dallas. Akiazimia kuweka shilingi laki moja kwa mwaka, naye hajui zitatoka wapi, mwezi wa pili atakuwa amekata tamaa. Akiazimia shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa siku 300 atakuwa na 15,000. Si utajiri, lakini ni karo, au ni mtaji wa kuongezea biashara. Tena shilingi 50 zimo mkononi mwake. Bei ya sukuma wiki na mvua ya kesho hazimo. Azma ya kweli hupimwa kwa tendo ambalo mtu mwenyewe anaweza kulifanya. Matokeo yana Mwenyewe.

Huenda msomaji akasema: haya ni maneno ya kuwalaza maskini, waridhike na uchache. La hasha! Maji safi, vyoo, njia na hati za ardhi ni haki za mtaa mzima, na serikali haiwezi kumwambia mtu azipate kwa kudunduliza shilingi 50. Hizo zidaiwe kwa sauti moja. Wala kujipimia si kujipunja. Lenana si kichuguu, na baridi yake si ya mzaha. Mwenye uwezo wa hamsini akajiwekea tano, huyo naye amejidanganya, sawasawa na yule aliyejiwekea laki.

Basi tusichanganye dua na azma. Dua haina mpaka: mwombe Mola wako ghorofa, mwombe na pepo, hazina yake haipungui. Lakini ukishaitikia amina na kuukunja msala, jiulize: leo, kwa mikono hii na saa hizi nilizo nazo, hatua yangu ni ipi? Ukiijua, itie. Na kesho uitie nyingine.

Wabillahi taufiki.