Staftahi ya Katoni na Machicha ya Nazi

Malori ya taka huvuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, yakashika njia ya bara ya kaskazini hadi Mwakirunge. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, ni huko Kisauni ya ndani ambako mji humwagia masalio yake. Katika shehena hiyo hazikosekani katoni za vyakula vya asubuhi, zile zilizochorwa bakuli la maziwa, nafaka iliyookwa ikang'aa kwa asali, njugu na vipande vyeupe vya nazi. Chakula kimekwisha kuliwa mjini. Kinachofika Mwakirunge ni picha. Na picha hiyo ya nazi hutupwa si mbali na minazi yenyewe, mahali ambapo mikanju na mihogo ingali ikipandwa, na ambapo wako watoto wanaokwenda shule na kikombe cha chai ya mkandaa tumboni.

Chakula ninachokisema huitwa granola. Msomaji aliyekikuta dukani ameona bei yake, na pengine akajiambia kwamba ni chakula cha Wazungu kisichomhusu. Maoni yangu ni kwamba kinamhusu, na kwamba walimu wetu wanakosea kukiacha kipite mbali na darasa.

Tutazame kwanza kilikotoka. Mwaka 1863, katika mji wa Dansville jimboni New York, daktari James Caleb Jackson aliyekuwa akiendesha nyumba ya tiba alichukua unga wa ngano usiokobolewa, akauoka mpaka ukawa mgumu, akauvunjavunja na kuuoka tena. Akakiita chakula hicho Granula. Kilikuwa kigumu kiasi kwamba hakikuweza kuliwa ila baada ya kulowekwa usiku kucha. Baadaye John Harvey Kellogg, daktari wa Battle Creek huko Michigan, akatengeneza chakula cha namna hiyo na kukipa jina lile lile, hata ugomvi wa jina ulipozuka akabadili herufi moja tu, kikawa Granola. Oti, asali na njugu tunazoziona leo zilipata umaarufu katika miaka ya 1960, vijana wa Marekani walipoanza kuvichoka vyakula vya viwandani na kurejea kuoka wenyewe majumbani. Kumbe basi asili ya kitu hiki ni jiko, nafaka ya kawaida na subira. Katoni ilikuja nyuma.

Je, ni lipi katika hayo lisilopatikana pwani? Oti, naam, ni nafaka ya nchi za baridi, na haioti Mwakirunge. Lakini Jackson mwenyewe hakutumia oti. Alitumia nafaka iliyokuwa karibu naye. Sisi tunao mtama. Korosho ni zao la pwani hii, na habari zake zinatia uchungu: kiwanda cha Kilifi kilichokuwa kikizibangua kilianguka katika miaka ya 1990, na ingawa Serikali ilipiga marufuku mwaka 2009 kuuza nje korosho ghafi, mkulima hajaacha kulalamikia bei. Simsim hulimwa Lamu. Njugu karanga ziko kila soko. Nazi sina haja ya kuitaja, ila nitaje machicha yake.

Mama wa Kiswahili au wa Kimijikenda akisha kuikuna nazi kwenye mbuzi na kulikamua tui, machicha yanayobaki huwarushia kuku. Humo mmebaki mafuta kidogo na nyuzinyuzi nyingi, na yakikaangwa polepole hutoa harufu ambayo hakuna kiwanda kilichopata kuiiga. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa mwanafunzi wa Kisauni alione kwa macho yake.

Namna yenyewe si ngumu. Vikombe vitatu vya mtama hulowekwa usiku, huchemshwa hadi ulainike, kisha huanikwa juani ukauke kabisa. Hukaangwa kikavu mpaka utoe harufu na baadhi ya punje zipasuke, ukapondwa kidogo kwenye kinu, usiwe unga. Hapo huchanganywa na kikombe cha machicha yaliyokwisha kukaushwa, kikombe cha njugu na korosho zilizovunjwa, vijiko vitatu vya simsim, chumvi kidogo, robo kikombe cha asali na vijiko vitatu vya mafuta ya nazi. Asali ikiwa ghali, sukari guru iliyoyeyushwa itafaa. Asiye na tanuri asisikitike. Bibi zetu walioka mkate wa sinia kwa kupalia makaa juu ya kifuniko na kuacha machache chini, na moto huo huo watosha. Kila baada ya dakika kumi mchanganyiko hugeuzwa, maana machicha huungua upesi. Tende au zabibu hutiwa kila kitu kikisha kupoa, na chombo kifungwe barabara, kwa kuwa unyevu wa pwani yetu hulainisha kila kilichooka.

Yako mambo mawili ambayo mwalimu hana ruhusa ya kuyapuuza. La kwanza ni ukungu. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini, na njugu zilizohifadhiwa vibaya hupatwa na sumu iyo hiyo. Kukaanga hakutoshi kuiondoa. Njugu iliyobadilika rangi au kusinyaa itupwe. La pili ni korosho yenye ganda. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake hudhuru macho na mapafu, hivyo mtoto asipewe kazi ya kuzichoma. Shule itumie zilizobanguliwa. Tena iulizwe mapema kama yupo mwanafunzi ambaye mwili wake hauvumilii njugu.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni anasa, kwamba mtoto asiye na uji hasemeshwi habari za korosho na asali. Hoja hiyo ina uzito, nami siupingi uji; uji wa wimbi ni chakula bora kuliko nusu ya katoni zinazouzwa madukani, ambazo nyingine zimejaa sukari kama peremende. Wala sidai kwamba granola itamaliza njaa ya Kisauni. Ninalolipinga ni mazoea ya kumfundisha mtoto lishe kwa mchoro. Katika madarasa mengi mlo kamili ungali yai, kipande cha mkate na bilauri ya maziwa vilivyochorwa ubaoni, mwanafunzi akavinakili na kutiwa alama. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 ulituahidi mtoto atakayetenda. Kilimo na Lishe sasa vimewekwa pamoja katika somo moja, na sioni mahali pafaapo zaidi kuviunganisha kuliko shule ambayo mwanafunzi aweza kuuona mnazi kupitia dirishani.

Tena kuna hesabu ndani yake. Wanafunzi wapime gharama ya walichotumia, waigawe kwa vikombe walivyopata, kisha wailinganishe na bei iliyoandikwa kwenye katoni. Watajionea wenyewe ni kiasi gani hulipwa kwa ajili ya chakula, na kiasi gani kwa ajili ya karatasi na rangi zitakazorudi kwao ndani ya lori la taka.

Mwalimu anayetaka kujaribu asingoje fedha za mradi wala semina. Nazi mbili, kibaba cha mtama na jiko la makaa vyatosha kwa Ijumaa moja. Aalikwe na bibi mmoja wa mtaani ajuaye kupalia moto, kwani katika jambo hilo wengi wetu wenye vyeti tutakuwa wanafunzi wake. Machicha yatakayosalia wapewe kuku. Nao wana haki yao ya zamani.