Usiseme ‘ni uzee tu’
Juni 2020, hospitali zilipohofia kukosa vitanda, Wizara ya Afya iliruhusu wagonjwa wa Corona wasio na dalili kali watunzwe nyumbani. Mwaka mmoja baadaye, Kericho na Bomet zikawa miongoni mwa kaunti 13 zilizowekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Kwa kijana, nyumbani ni mahali pa kupona. Kwa gogo wa miaka 80 anayeishi peke yake kando ya mashamba ya chai, wajukuu wote wakiwa mjini, nyumbani panaweza kuwa mahali pa kufa kimyakimya.

Tukumbuke hili: mwili wa mzee haupigi kelele. Anaweza kukosa homa na hata kikohozi. Dalili ya kwanza huenda ikawa amekataa chakula, ameanguka, au ghafla anachanganya majina ya watu. Sisi tunasema, “Ah, ni uzee tu.” Hapo ndipo muda wa kumwokoa hupotea.

Sh2,000 za Inua Jamii kwa mwezi haziwezi kumwajiri muuguzi. Wahudumu 100,000 wa afya ya jamii waliozinduliwa Septemba 2023 ni msaada mkubwa, lakini kaunti zetu zihakikishe wanaanza na nyumba za wazee, tena wanalipwa kwa wakati.

Nawe mjukuu, usitume M-Pesa ukadhani umemaliza kazi. Piga simu. Uliza: leo amekula nini? Ametoka nje? Janga lijalo halitabisha hodi.